Kiti cha Nyuma

Sauti inayomrudia Muia ni ya mfuniko wa sufuria. Ulianguka ukasimama wima juu ya lami, ukabingirika kando ya barabara pale Kawangware, ukaanza kuzunguka polepole, kisha haraka, kisha haraka zaidi, mpaka ukalala chini ukiwa bado unatetemeka. Halafu kimya. Hakumbuki kelele za watu, ingawa watu walipiga kelele. Hakumbuki injini, ingawa injini ilikuwa ikinguruma katikati ya mapaja yake. Anakumbuka mfuniko tu, na namna alivyoukazia macho hadi ukatulia, kwa sababu muda wote aliokuwa akiutazama hakulazimika kugeuka nyuma.

Muia Ndululu ni mwendeshaji wa bodaboda, mtu wa miaka thelathini na tisa, mzaliwa wa Mwala kule Machakos, mkaazi wa mtaa wa Sarang'ombe. Hana maneno mengi. Kwenye steji yao, pale njia ya kijiji cha Raila inapokutana na barabara ya magari, wenzake wana majina ya kujisifu: kuna anayeitwa Radi, kuna anayeitwa Ndege. Yeye anaitwa Muia tu. Lakini alikuwa na jambo moja alilojivunia kimoyomoyo. Kwa miaka kumi na mmoja hakuwa amemwangusha abiria, hata mmoja. Si kwenye matope ya Aprili, si kwenye miteremko ya Raila ambako maji machafu hujikatia njia yanavyotaka. Wengine walihesabu kasi. Yeye alihesabu watu waliofika.

Miongoni mwa waliofika, wa kwanza kila siku alikuwa Mideva, ambaye kijiji kizima kinamwita Mama Vale kwa jina la bintiye Valentine. Ni mama wa miaka sitini na mitatu kutoka Vihiga. Alfajiri huchemsha maharagwe nyumbani kwake Raila, na kukicha huyapeleka Kawangware, ambako ana kibanda cha kuwapikia vibarua wa mjengo: maharagwe, chapati, na chai ya tangawizi inayowatoa machozi. Miaka sita Muia ndiye aliyempeleka na kumrudisha. Sufuria kubwa ilifungwa kwa raba kwenye keria, Mama Vale akapanda mbele ya sufuria, akajiweka sawa, akakaza leso kiunoni, kisha akaomba. Haikuwa sala ndefu. Aliwataja wanaosafiri, akawataja wagonjwa, akamtaja Muia kwa jina, akasema amina. Hapo ndipo Muia alipoachia klachi. Hakuwahi kuondoka kabla ya amina, hata mvua ikiwapiga.

"Wengine tuna kiki," Wekulo, mwendeshaji mwenzake, alikuwa akiwaambia watu pale steji. "Ya Muia haina kiki. Inawashwa na amina."

"Kejeli tu," Mama Vale alimjibu. "Wewe Wekulo umeangusha wangapi?"

"Mama, hao waliruka wenyewe!"

Hayo yalikuwa maisha yao mpaka Duncan alipoleta pikipiki yake.

Duncan Kavoi ni kijana wa kompyuta anayekaa kwenye nyumba za ghorofa karibu na Barabara ya Ngong, upande wa pili wa Soko la Toi. Siku za foleni aliacha gari nyumbani na kumpigia Muia simu. Alikuwa pia na pikipiki yake mwenyewe, ya michezo, ya Kijapani, injini ya mia sita hamsini, bluu iliyokolea, imevikwa ganda la plastiki kutoka taa ya mbele hadi tumboni. Sasa alikuwa ameitwa kazini Kigali kwa wiki kumi.

"Muia, niskize," alisema, akilipapasa tangi. "Mimi hii kitu huiendesha Jumapili. Barabara tupu, nimeshiba, sina haraka. Nikirudi nataka kuuza gari nibaki nayo. Lakini sijui maisha yake ya Jumatatu. Itumie kila siku kama boda yako. Mvua, matope, jam, abiria, mizigo. Kila jioni unitumie sauti kwa simu, unaambia mimi inaendaje."

"Na nikiona ni mbaya?"

"Unasema ni mbaya. Ukinipamba nitauza gari halafu nitembee kwa miguu. Nataka ukweli tu, buda."

Muia akaifunika pikipiki yake ndogo kwa turubai nyuma ya nyumba. Jioni ya kwanza alikaa kwenye ngazi, akaishika simu karibu na mdomo kama mtu anayeiambia siri.

"Duncan, niaje. Mimi ni Muia. Hii pikipiki inanikunja. Kwa boda nakaa kama mzee kwa kiti chake. Kwa hii nimeinama kama mtu ameangusha sindano anaitafuta. Viganja vinauma, shingo inauma. Lakini breki ni breki. Ukigusa inasimama, haibishani."

Siku ya tatu: "Jam ya barabara pale Adams leo. Injini imechemka, feni ikawaka, na hewa yote ya moto ikaja kwa mapaja yangu. Nimeiva. Ukinunua hii nunua na suruali nzito."

Siku ya tano: "Vioo vinanionyesha viwiko vyangu. Ni viwiko vizuri, lakini nilitaka kuona matatu. Na huku kwetu Raila kona zinaishinda. Ile ndogo inageuka kama mbuzi. Hii nateremka, naisukuma nyuma, naipeleka mbele, watoto wanacheka. Matuta ya Kawangware inayakwaruza na tumbo, lazima uyapande upandeupande."

Siku ya nane sauti yake ilikuwa tofauti, nyepesi. "Leo saa kumi na mbili asubuhi Barabara ya Ngong ilikuwa tupu. Gia ya tatu, nikaizungusha kidogo tu, kidogo. Duncan. Haikuruka. Haikupiga kelele. Barabara yenyewe ndiyo ilikuja. Nilikuwa Dagoretti Corner kabla sijamaliza kuwaza nyumbani. Sijui nikuambie nini. Nilitamani nirudi nianze tena."

Alimwambia Duncan kila kitu kuhusu pikipiki. Alimwambia hata siku ya mvua, jinsi gurudumu la nyuma lilivyoteleza kidogo kwenye matope ya Raila, likakumbuka lenyewe likarudi. Ila hakumwambia ilivyokuwa ikimfanya yeye. Hakusema kwamba watu waliompita miaka kumi na mmoja bila salamu sasa walisimama kumsalimu. Hakusema kwamba pale Toi, ambako mkewe Mutanu anauza nguo za mitumba za watoto, mwanamume mmoja mwenye tai alimwita mheshimiwa, naye hakumsahihisha. Hakusema kwamba alianza kupita njia ndefu ili apite mbele ya watu. Hayo hakuyaona kuwa habari za pikipiki.

Mama Vale alikitazama kiti cha nyuma siku ya kwanza akacheka hadi akashika mbavu.

"Hiki ni kiti au ni kipande cha mkate? Na mbona wamekiweka huko mbinguni?"

"Mama, panda na Wekulo wiki hizi," Muia alimwambia. "Hata sufuria haina mahali."

"Maharagwe yaende na Wekulo. Mimi nitaenda na wangu."

Basi ikawa hivyo. Asubuhi sufuria iliyojaa ilikwenda na Wekulo. Alasiri, ikiwa tupu, Mama Vale aliifunga mgongoni kwa leso kama anayebeba mtoto, akashika mfuniko kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia akashika bega la Muia ili apande. Kupanda kwenyewe kulikuwa kazi. Mguu mmoja kwenye kile chuma kidogo, mwili juu, mguu wa pili uzunguke nyuma. Na kwa kuwa mngurumo wa sailensa ya mia sita hamsini ulikuwa ukila sauti zote, na helmeti ikila zilizobaki, Muia hakuweza tena kusikia sala. Wakakubaliana. Mama Vale akishakaa, akishamaliza kuomba, atampiga Muia begani mara mbili kwa kiganja. Mara mbili, si moja. Ndogo ingemwambia yenyewe, maana mtu akikaa shokapu za nyuma hubonyea hata wewe mbele ukashuka kidogo. Hii ilikuwa ngumu, haibonyei, uipe mama na sufuria yake au uipe hewa tupu.

Kwa wiki mbili na nusu mambo yakaenda vizuri.

Halafu Jumatano, saa tisa alasiri. Karibu na kibanda cha Mama Vale kuna mahali pa kuosha magari, na vijana wa pale walikuwa wameizoea pikipiki kwa macho. Siku hiyo hakukuwa na gari la kuosha. Walikuwa wamekalia ndoo zao, wamechoka na jua.

"Buda wa bluu! Leo utatutolea moto ama ni kutuonyesha rangi tu?"

"Wacha yeye. Analea hiyo ngoma. Akiiskia ikinguruma atalia."

"Si yeye anaogopa. Ni mathe atamgonga na sufuria!"

Walicheka. Mama Vale naye alicheka akasema, "Nitawagonga ninyi kwanza." Muia alicheka ndani ya helmeti, na masikio yakampata moto. Alikuwa ameshainua stendi. Gia ya kwanza ilikuwa ndani, klachi mkononi. Akausikia mkono wa Mama Vale ukimshika bega la kulia. Ulikuwa mzito. Ulivuta. Ulikuwa mkono wa mtu anayepanda, na mkono huo Muia aliujua kama anavyoujua mlango wa nyumba yake.

"Hebu tuskie basi!" mmoja akapaza. "Mara moja tu, fala hii!"

Akazungusha mafuta, akaachia klachi. Alitaka sauti tu. Labda mita mbili, atoe sauti, asimame, wacheke, basi. Mia sita hamsini haijui mita mbili. Mkono ukatoka begani.

Alipogeuka, baada ya mfuniko kulala, Mama Vale alikuwa ameketi chini, mguu mmoja umekunjwa, sufuria bado mgongoni, mkono wa kulia ameupakata. Kifundo cha mkono kilikuwa kimekaa vibaya. Vijana walikuwa wameshamfikia. Mmoja, yuleyule wa kelele, alikuwa amepiga magoti.

"Pole, mathe, pole. Umeteleza. Msimguse mkono. Ameteleza."

Neno likawa pale, katikati yao, na hakuna aliyelikataa.

Mama Vale akainua macho akamtafuta Muia. Uso ulikuwa umepauka, jasho limemtoka juu ya mdomo. "Pole, baba," alimwambia. "Nimekuharibia siku. Miguu yangu hii. Hata sijui nilikanyaga wapi."

Na Muia akasema, "Pole, mama."

Ni hayo tu aliyosema. Wakampandisha kwenye tuktuk, naye akafuata nyuma hadi hospitalini. Pikipiki haikupenda mwendo ule. Ilikohoa, ikasukasuka kwenye gia ya kwanza, na mapaja yakaungua njia nzima, akayaacha yaungue.

Mkono ulikuwa umevunjika. Daktari aliuliza imekuwaje, Mama Vale akajibu mwenyewe. "Uzee, daktari. Nilikuwa napanda, nikateleza." Muia alisimama pembeni, amebeba sufuria. Jioni pale steji Wekulo aliuliza jambo hilohilo, na safari hii ilimbidi Muia ajibu kwa mdomo wake.

"Aliteleza," akasema.

Neno lilitoka kwa urahisi. Hilo ndilo lililomtisha, ule urahisi.

Alikaa kwenye ngazi na simu. "Duncan. Leo kuna habari mbaya. Kiti cha nyuma si kizuri. Kiko juu sana, ni kidogo. Abiria wangu wa kila siku ameteleza akipanda. Amevunjika mkono. Sijui, labda ni cha vijana. Kwa kazi ya kila siku, kiti cha nyuma si kizuri."

Duncan akajibu haraka, sauti imejaa huruma. "Aki pole sana, Muia. Mwambie pole huyo mama. Nilishuku hicho kiti. Kilichorwa na mtu hajawahi kuwa na mama. Asante kwa kusema ukweli."

Muia akaizima simu akaiweka kifudifudi juu ya ngazi.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya kwa sababu zilikuwa nzuri. Watu walimsifu. Mutanu alirudi kutoka Toi uso umechangamka: wanawake wa sokoni walikuwa wamesikia jinsi mume wake alivyoacha kazi nusu siku, akakaa hospitalini hadi plasta ikauke, akamrudisha mama wa watu nyumbani na sufuria yake. "Waliniambia nimeolewa na mtu," alisema, akampakulia muthokoi, mahindi yake na maharagwe, kwanza, kabla ya watoto. Muia alikula vijiko vitatu akasema tumbo. Jumapili, baada ya ibada, wanawake wa kanisa la Mama Vale walipita steji wakamshika mkono mmoja mmoja. Wekulo akaacha kabisa kumtania, na Muia akagundua kwamba hilo lilimuuma kuliko utani wote wa miaka ile.

Jumatatu Valentine alimletea chapati nne ndani ya karatasi. Ana saluni ndogo Kawangware, na alikuwa amehamia Raila ili amuangalie mamake.

"Mum amesema nikuletee. Nimepika mimi lakini amesimamia, kwa hivyo usiseme ni ngumu."

"Anaendeleaje?"

"Mkono utapona. Si mkono unanipea shida." Valentine alitazama kando. "Ni kichwa. Anashika ukuta akienda choo. Mum, Muia! Yule wa kubeba mtungi wa maji hadi juu kule. Anasema miguu imemwacha. Anasema kama imeweza kumtoka hivyo bila kumwambia, itamtoka tena mbele ya jiko, mbele ya gari. Nimemwambia basi aende nyumbani Vihiga apumzike, na amekubali. Jumamosi tunasafiri. Kibanda tumempatia jirani, Ndinda, ataanza wiki ijayo."

"Amekubali?"

"Unajua alivyo mbishi. Safari hii hakubishana hata kidogo. Hiyo ndiyo inaniogofya."

Muia alizishika chapati zile zikiwa bado na joto. Alijua ni miguu gani inayosemwa. Aliwahi kuiona miguu ile ikiteremka kwenye utelezi wa Raila, mvua ya usiku kucha imepita, sufuria kichwani, bila kushika kitu. Hakuna kilichokuwa kimeiacha. Mtu mmoja tu ndiye aliyelijua hilo, na alikuwa amesimama pale na chapati.

Jioni ile alirekodi sauti. "Duncan, kile kiti hakina makosa." Akaisikiliza. Akaifuta. Akarekodi tena, "Nilikuambia uwongo wa kwanza," akaifuta. Kesho yake aliirudisha pikipiki ya bluu kwenye maegesho ya nyumba za Duncan, akampa askari wa lango ufunguo, akaandika tu kwamba mgongo unamsumbua. Akalitoa turubai juu ya ndogo yake, akaipiga kiki. Iliwaka mara ya nne. Alipokaa ikabonyea chini yake kama ilivyobonyea siku zote, naye akabaki ameushika usukani, haendi popote, mpaka jirani akamuuliza kama mafuta yameisha.

Alijipa sababu. Alijiambia kwamba ukweli hautaunga mfupa. Alijiambia kwamba mama wa umri ule anahitaji kupumzika hata hivyo, kwamba Vihiga kuna hewa nzuri, kwamba Valentine atatulia. Jumatano alijiambia atakwenda Alhamisi. Alhamisi alifika mpaka kwenye kona ya nyumbani kwa Mama Vale, akamsikia akikohoa ndani, akageuza. Ndogo iligeuka mara moja, bila shida yoyote.

Ijumaa alasiri akaenda.

Mlango ulikuwa wazi. Chumba kilikuwa kimeshakuwa cha watu wanaoondoka: godoro limekunjwa, vikombe vimefungwa kwa magazeti, mapazia yameshuka ukutani yakaacha alama. Mama Vale alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, mkono wa plasta juu ya mto. Alikuwa amepungua. Hata leso yake ilikuwa imemzunguka mara nyingi kuliko kawaida.

"Wee! Huyu hapa," alisema, na uso ukafunguka. "Nilimwambia Vale siondoki bila kumwona. Keti. Vale, chai."

"Vikombe nimefunga, mum."

"Fungua kimoja. Anakunywa mtu, halinywi gazeti."

Muia alikaa kwenye ukingo wa kitanda kisicho na godoro. Mbao zilimuuma, akashukuru. Valentine akamimina chai. Alikuwa amechoka, kitambaa kimefungwa kichwani, mikono ina vumbi la magazeti.

"Umekuja na ile ya bluu?" Mama Vale akauliza.

"La. Nimeirudisha."

"Kwa nini? Ilikuwa nzuri. Nilikuwa nikiona watu wanavyotuangalia." Akacheka kidogo. "Usiichukie kwa sababu yangu. Miaka sita hujaniangusha, Muia. Nimejiangusha mwenyewe. Nimewaambia wote kanisani, msimlaumu kijana."

"Mama Vale..."

"Ngoja nimalize. Sikuwahi kukushukuru vizuri. Kila siku nilikuwa nakutaja kwa Mungu lakini wewe mwenyewe sikukuambia kitu."

Valentine aliweka birika chini. "Mum, usianze kulia. Umelia asubuhi."

"Silii. Nasema."

"Unasema halafu unalia halafu unaniambia hutaki kwenda." Valentine akamgeukia Muia. "Leo kaamka na mpya. Sasa anasema labda hakuteleza. Saa tano asubuhi, tiketi zimeshakatwa, ndio ananiambia mguu wa kushoto ulikuwa imara, anaukumbuka."

"Nimesema naota," Mama Vale akasema. "Kila nikilala naota nimesimama. Mguu uko chini, umesimama vizuri. Halafu niko barabarani. Katikati hakuna kitu. Ni ndoto tu, Vale. Wacha."

"Siwachi. Kwa sababu nikikupeleka na hujaamini, utatoroka wiki ijayo urudi kupanda mapikipiki. Na nikikuacha na ni ukweli miguu imekwisha, nitaitwa siku moja nikuokote kwa barabara." Sauti yake ikakatika, akaishika tena. "Muia, wewe ulikuwa hapo. Sisi wengine tumeambiwa tu. Mwambie. Aliteleza ama hakuteleza?"

Nje mtoto alikuwa akiburuta kopo kwa kamba. Muia aliangalia chai. Ilikuwa na utando juu. Aliona jinsi ingekuwa rahisi: neno moja, lilelile, lililokwisha kusemwa mara nyingi na watu wengi hata halikuwa tena lake. Kesho saa moja asubuhi basi lingeondoka nalo. Pale steji wangeendelea kumheshimu. Mutanu angeendelea kumpakulia kwanza. Na mama huyu angeketi mahali huko Vihiga, ameshika ukuta, akiogopa miguu yake mizima hadi siku ya kufa.

"Mwache kijana," Mama Vale akasema. "Unamwuliza kama polisi. Yeye alikuwa anaangalia mbele. Angeonaje?"

Alimtetea hata hapo. Muia alikiweka kikombe sakafuni. Hakumtazama Valentine. Alitaka kuwatazama usoni, akashindwa, akaitazama miguu ya Mama Vale, ndani ya malapa ya bluu, imetulia pamoja juu ya simenti. Halafu akasema. Ilibidi Mama Vale ainame ili asikie, na Valentine, aliyekuwa mlangoni, hakusikia, akauliza amesema nini.

"Hukuteleza, mama," Muia alikuwa amesema, kwa sauti ya chini kabisa. "Mguu wako ulikuwa bado uko chini. Nilijua, na nikaondoka."